Ukiulizwa unafanya nini, usijibu "najifunza tu"

Swali la msomaji:

"Shikamoo dada. Nina miaka 24, naishi Gungu, Kigoma. Nimetengeneza programu ndogo ya simu ambayo akina mama wa Kibirizi wanaokausha na kuuza dagaa wanaitumia kuandika mauzo na madeni. Nimepata ufadhili wa kuhudhuria kongamano la teknolojia Nairobi, siku nne, mwezi Agosti. Waandaaji watanilipia hoteli na tiketi ya ndege kutoka Dar es Salaam. Hela ya chakula na teksi watanirudishia baadaye. Dar yenyewe sijawahi kufika, mwisho wangu ni Tabora. Nairobi simjui mtu, Kiingereza changu cha kuungaunga, na mama hataki kusikia habari hizi. Niende? Na nikifika nifanye nini nisionekane mshamba? Nakutumia na picha za kazi yangu uone."

Marahaba, mdogo wangu. Nenda. Nimelitanguliza hilo ili usisome barua yote hii roho ikiwa juu.

Nimezitazama picha zako kwa muda mrefu. Ya kwanza ni ukurasa wa daftari la mama mmoja: safu tatu za penseli, kona moja ina doa la mawese, na pembeni ameandika "wa chanja" na "wa mchanga", kwa sababu dagaa waliokaushwa juu ya chanja hawauzwi bei moja na waliolazwa mchangani. Picha ya pili ni kioo cha simu chenye mambo yaleyale, ila hapa kuna kitu ambacho daftari halikuwa nacho: alama ndogo ya mwezi juu ya tarehe. Umenieleza kwamba siku za mbalamwezi programu haikumbushi deni la mtu yeyote, kwa kuwa taa za wavuvi hazivuti dagaa mwezi ukiwa mkubwa, mitumbwi inapumzika, na mama asiye na mzigo hana cha kulipa. Niliposoma hapo niliweka simu chini. Nimefanya kazi na watu wa mifumo ya malipo kwa miaka kadhaa na sijawahi kumsikia hata mmoja akitaja mwezi.

Sasa nikueleze kosa langu, maana ndilo ninalotaka ulikwepe kuliko yote.

Agosti 2018 kongamano la kimataifa la programu huria za ramani, FOSS4G, lilifanyika Dar es Salaam kwenye Kituo cha Mikutano cha Julius Nyerere. Nilitoka Kigoma kwa treni. Siku mbili za kwanza nilikimbia kutoka ukumbi hadi ukumbi na daftari mkononi, nikiandika kila neno kama mwanafunzi anayeogopa mtihani. Siku ya tatu, kwenye foleni ya chai, mzee mmoja aliyekuwa mbele yangu aligeuka akaniuliza, "Na wewe unafanya nini?" Nikamjibu, "Najifunza tu." Akatikisa kichwa kwa heshima, akachukua kikombe chake, akaenda zake. Kwenye begi langu, ndani ya flashi iliyofungwa kwenye leso, nilikuwa na ramani ya visima vyote vya kata mbili, niliyoichora kwa miguu yangu kwa miezi minne. Jioni nikipitia ratiba nikaona kwamba mzee yule alikuwa ameendesha warsha ya kuchora ramani za vyanzo vya maji. Sikumwona tena.

Wala hakunidharau. Mlango niliufunga mwenyewe, kwa maneno mawili. Sisi tuliolelewa huku tunafundishwa kwamba mtu hajisifu mbele ya wakubwa, na ni malezi mazuri, lakini anayekuuliza kazi yako hakuombi ujisifu. Anatafuta pa kukushikia ili mazungumzo yaendelee. "Najifunza tu" haina mahali pa kushika.

Kwa hiyo kabla hujafikiria begi wala viatu, andika maneno ya sekunde ishirini na uyazoee mpaka yatoke bila kufikiri. Yangekuwa hivi: "Natoka Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika. Nimetengeneza programu ya simu inayowasaidia wanawake wauza dagaa kuandika madeni, hata mtandao usipokuwepo, na inajua siku za mbalamwezi ambazo hakuna uvuvi. Ninachohangaika nacho sasa ni simu mbili zinazoandika deni lilelile kwa namna tofauti." Ona mwisho wake. Umemaliza na shida, hukumaliza na sifa. Mtaalamu akisikia shida anayoifahamu hawezi kunyamaza, na atakuita mwenyewe ukae naye.

Tena shida hiyo unayo kweli, hata kama hukuiita hivyo. Umeniandikia kwamba mama na binti yake wanatumia programu kwenye simu mbili, na mtandao ukirudi salio la mteja "linachanganyikiwa". Bila shaka unahifadhi salio lenyewe: simu ya mama inasema 45,000, ya binti inasema 30,000, na iliyofika mwisho kwenye seva, ile kompyuta ya mtandaoni inayopokea taarifa za simu zote, inaifuta ya mwenzake. Usihifadhi salio. Hifadhi kila tukio lilivyotokea, "amekopa gunia moja", "amelipa 15,000", kila tukio na namba yake ya pekee inayotengenezwa ndani ya simu, halafu salio lihesabiwe kutokana na matukio yote. Simu mbili zikikutana, matukio yanaunganishwa na hakuna kinachofutwa. Tukio likija mara mbili namba yake inalikamata. Daftari la mama linafanya hivyohivyo: halifuti mstari wa juzi, linaongeza wa leo. Jaribu hilo kabla ya safari. Utabaki na maswali magumu zaidi, kwa mfano binti akimwandika mteja kwa jina la utani na mama kwa jina la ukoo, au saa ya simu moja ikiwa imekosewa. Maswali hayo ndiyo ya kubeba Nairobi.

Kuna jambo la tiketi, na hili ni la leo, si la kesho. Waandaaji wamekukatia kutoka Dar kwa sababu wametazama ramani wakaona uwanja mkubwa wa Tanzania. Hawajui kwamba kutoka Kigoma hadi Dar kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na kwamba treni yetu inakula kama siku mbili njiani. Waandikie kwa upole na kwa namba: uko mwisho wa Reli ya Kati, safari ya kufika Dar peke yake ina gharama, unaomba tiketi ianzie uwanja wa Kigoma na ulale Dar usiku mmoja kabla ya kuruka Nairobi. Usiku huo si anasa. Ndege ya Kigoma ikichelewa, ile ya Nairobi haikusubiri, na tiketi mbili zilizokatwa kila moja kivyake hazijuani. Wakisema bajeti imefungwa, omba tofauti yake ya basi. Kuna njia ya Kasulu, Kibondo, Nyakanazi hadi Mwanza, na kutoka Mwanza mabasi yanapita Sirari kwenda Nairobi. Inachosha, lakini wapo waliopita huko na wakafika salama.

Na ile hela ya "kurudishiwa baadaye", waulize ni lini hasa. Kuna waandaaji fulani waliwahi kuniweka miezi mitatu kabla ya kunirudishia hela ya teksi na chakula, nami nilikuwa nimeikopa kwa mtu mwenye duka. Sema wazi kwamba huna akiba ya kutanguliza na unaomba posho ulipwe kabla ya safari au siku ya kwanza ukifika. Wengi wakiambiwa hutoa. Wasipoambiwa hudhani kila mtu ana kadi ya benki yenye fedha. Risiti zote ziweke kwenye bahasha moja, na kila moja ipige picha siku hiyohiyo, maana za mashine zinafutika.

Pasipoti. Kenya hatuhitaji viza, lakini hati ya kusafiria lazima. Ya kawaida ada yake ni shilingi 150,000, maombi yanajazwa mtandaoni kisha unafika ofisi ya Uhamiaji ya mkoa na nakala zako: namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya wazazi au kiapo, barua ya mwaliko. Sisi wa mkoa wa mpakani huulizwa zaidi habari za wazazi na mababu, kwa hiyo kusanya karatasi za babu na bibi mapema na usiende wiki ya mwisho. Chukua pia chanjo ya homa ya manjano na kadi yake, maana unaweza kuulizwa wakati wa kurudi nyumbani. Tangu 2016 kadi hiyo ni ya maisha. Ukichanjwa mara moja hurudii.

Turudi kwenye kongamano, maana ndiko moyo wangu uliko.

Utapewa ratiba yenye kumbi nne au tano zinazoendelea kwa wakati mmoja, na utahisi unapitwa na kila kitu. Hupitwi. Mada nyingi za ukumbi mkubwa hurekodiwa na baadaye zinawekwa YouTube. Utazitazama Gungu usiku bando likiwa rahisi. Chagua mbili kwa siku, zinazogusa shida yako kabisa. Muda uliobaki uwe kwenye yale yasiyorekodiwa: warsha za kukaa na kompyuta, meza za watu wenye shida moja, foleni ya chai, ngazi, kivuli cha mti nje ya ukumbi. Ukiona mzungumzaji mmoja amesema jambo lililokugusa, usimfuate jukwaani watu wanapomzonga. Msubiri saa ya chakula, mwambie sentensi moja aliyoisema na kwa nini imekuhusu.

Kusimama peke yako katikati ya watu mia tatu wanaocheka kwa makundi ni jambo gumu, sitakudanganya. Kuna desturi kwenye makongamano haya, ilienezwa na Mmarekani mmoja, Eric Holscher: watu wakisimama duara wanaacha nafasi ya mtu mmoja, kama lile umbo la Pac-Man, yule wa mchezo wa video, lenye mdomo wazi, ili mgeni aingie bila kuomba. Tafuta duara lenye mdomo wazi, ingia, sikiliza kidogo, kisha ukitazamwa toa zile sekunde zako ishirini. Nawe ukishakuwa ndani, sogea kidogo umwachie nafasi mwingine. Utashangaa ni wangapi wanazunguka na kikombe cha chai wakiogopa kama wewe, wengine ni wa Nairobi palepale.

Kuhusu Kiingereza: mada nyingi zitakuwa kwa Kiingereza, ndiyo. Lakini korido za Nairobi zinazungumza Kiswahili. Anza kwa Kiswahili, na kikikwama changanya. Mgeni wa mbali ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu anakuelewa vizuri kuliko unavyodhani, kwa sababu naye anaunga. Tofauti utakazoziona ni ndogo na za kupendeza. Ukisema "naomba chai" watakutambua mara moja kwamba umetoka Tanzania; wao husema "nataka chai" na hawakusudii ukali wowote, kwa hiyo usinywee ukijibiwa kwa mkato. Na ukisema dagaa, atatokea mtu wa Kisumu atakuambia, "Ah, omena!" Usimkubalie tu ili yaishe. Omena ni samaki wa Ziwa Victoria, wa aina nyingine kabisa; wetu wa Tanganyika ni aina mbili tofauti, ndugu wa mbali wa dagaa wa baharini. Mwambie hivyo, kisha muulize kwao akina mama wanaandikaje madeni. Hapo ndipo utajua kama programu yako inaweza kuvuka ziwa, na huyo wa Kisumu ana thamani kwako kuliko mada tatu za ukumbi mkubwa.

Siku ya kwanza asubuhi, karibu na meza ya usajili, mara nyingi hubandikwa karatasi au ubao wa kujiandikisha kwa mada za dakika tano. Jiandikishe kabla hata ya kunywa chai. Nafasi hujaa haraka, na hakuna anayekuuliza cheti. Umefadhiliwa kuhudhuria, lakini ukifika pale dakika tano ni haki yako kama ya mwingine.

Usizijaze kwa slaidi. Panda na simu yako, iunganishe na kioo kikubwa (uliza mapema waya upi unahitajika, na weka video ya akiba kwenye flashi), halafu mbele ya macho yao weka simu kwenye hali ya ndege. Waonyeshe ile alama ya ndege pale juu. Andika: gunia moja, wa chanja, amekopa. Andika malipo. Wasogezee kalenda hadi siku za mbalamwezi, waeleze kwa nini deni limenyamaza. Kisha rudisha mtandao waone taarifa zinapanda zenyewe. Ukumbi ule utakuwa umejaa watu wanaojenga programu wakiwa kwenye intaneti isiyokatika, na wengi hawajawahi kuona programu iliyozaliwa mahali ambapo mtandao kukatika ni jambo la kila siku. Wewe umeijenga ukiwa huko. Ujuzi huo wanaulipia.

Ila, mdogo wangu, nakuomba kwa msisitizo: usionyeshe data za kweli. Katika picha uliyonitumia nimeona majina kamili ya wateja wanne, namba zao za simu, na kiasi wanachodaiwa. Mimi nimezifuta kwenye simu yangu. Fikiria deni la jirani yenu likisimama kwenye kioo cha ukumbini, watu wanapiga picha, na wiki hiyohiyo picha imefika Kibirizi kabla yako. Wale mama wamekupa siri zao. Tengeneza nakala yenye majina ya kubuni na namba zisizokuwepo, na ile ya kweli usiende nayo jukwaani kabisa. Hata barua hii ukimwonyesha mtu, picha usimpe.

Usijione umeleta kitu kidogo kwenye jiji kubwa. Programu ya Ushahidi, ambayo leo inajulikana duniani, ilianzishwa na Wakenya na marafiki zao Januari 2008, wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi, ili watu watume taarifa za yanayotokea kwao kwa ujumbe wa simu zikae kwenye ramani. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 ikitumia simu za batani. Hakuna kati ya hizo iliyoanza kwa mashine za ajabu. Zilianza na watu walioijua shida ya hapo walipo. Ukiwa Nairobi ulizia pia AkiraChix, wako tangu 2010 wakifundisha wasichana kuandika programu. Nenda ukawasalimie hata kama ni saa moja tu.

Jiji sasa. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli, Kigoma yetu nayo reli iliifikia 1914. Nakuambia hivyo kwa sababu katikati ya Nairobi pana umbo unaloweza kulishika kichwani: stesheni ya reli upande mmoja, na kutoka hapo unapanda kuelekea jengo la KICC, lile la mviringo lenye ghorofa 28, ambalo utaliona kutoka mitaa mingi. Wenyeji hawakuelekezi kwa majina ya barabara. Watakuambia "shukia Kencom", "tukutane Archives", "gari za huko zinatokea Railways". Jifunze alama nne au tano za hivyo jioni ya kwanza ukiwa na ramani na mhudumu wa mapokezi ya hoteli, kabla hujatoka mlangoni.

Matatu ni daladala zao, zimechorwa na muziki uko juu. Nauli si moja: asubuhi, jioni na mvua ikinyesha inapanda, kwa hiyo uliza kabla ya kukanyaga ngazi. Konda akisema "mbao" ni shilingi ishirini, "soo" ni mia. Shilingi moja yao ni kama 20 za kwetu, na hesabu hiyo ifanye kichwani kila unaponunua, maana bei itaonekana ndogo mpaka uzidishe. Kukaa dirishani na simu mkononi gari likiwa kwenye foleni ni kuwapa watu simu. Iweke ndani mpaka ushuke. Usiku tumia teksi ya kuitwa kwa programu, linganisha namba ya gari kabla ya kufungua mlango, na laptopu usitembee nayo mitaa ya katikati giza likiingia. Ukipotea usisimame katikati ya njia ukigeuza simu huku na huku. Ingia duka lolote la dawa au benki, muulize mlinzi. Walinzi wa Nairobi wamenielekeza vizuri kila mara.

Laini ya simu nunua ukifika, inasajiliwa kwa pasipoti, uunge na M-Pesa ya kwao. Karibu kila duka na hata muuza matunda analipwa kwa namba. Weka pia noti chache mfukoni. Chaja zako hazina shida, tundu za umeme ni zilezile za pini tatu. Mifuko ya plastiki acha nyumbani, Kenya iliipiga marufuku tangu 2017.

Nguo: wewe umezoea joto la ziwani, mita 770 na ushei juu ya usawa wa bahari. Nairobi iko juu karibu mita 1,700, na Agosti bado ni msimu wao wa baridi. Asubuhi utatetemeka. Sweta zuri utalipata kwenye mitumba ya Mwanga, chukua la zipu ili ulivue mchana. Viatu viwe ulivyokwisha kuvizoea. Hakuna atakayevaa suti isipokuwa wa benki. Gauni lako la kitenge ni sawa kabisa, na ni rahisi kwa mtu kukukumbuka: "yule dada wa kitenge cha kijani aliyezungumzia mwezi".

Ushamba uliouogopa hauko kwenye kushangaa maghorofa. Shangaa tu, hata mimi nilishangaa.

Kongamano zuri lina kanuni za maadili na majina ya watu wa kuwaendea mtu akikusumbua. Zisome kabla ya kuondoka, hifadhi namba zao. Mtu akikuambia kazi yako itazungumzwa chumbani kwake hotelini, jibu ni hapana, bila maelezo, awe nani. Mazungumzo ya kazi yana meza, na meza ziko nyingi pale chini.

Kila usiku kabla ya kulala, andika umekutana na nani, mlizungumza nini, na umeahidi kumtumia nini. Ukingoja hadi urudi Kigoma, majina yatakuwa yamechanganyika. Watumie ndani ya siku mbili tatu, ujumbe mfupi wenye jambo moja: "Ulisema utanionyesha namna ya kuunganisha matukio ya simu mbili, hii hapa programu yangu." Katika watu thelathini utakaozungumza nao, wanne wakikujibu safari imelipa.

Limebaki la mama. Usimwambie kwamba anaogopa bure, hana sababu ya kukubali hilo. Mwandikie kwenye karatasi, kwa kalamu, si kwenye simu: jina la hoteli na simu yake, jina la mwandaaji na simu yake, saa ya kila ndege kwenda na kurudi, na namba yangu. Nitazungumza naye mwenyewe, mama kwa mama. Binti yangu naye alisafiri mbali mwaka jana na najua usingizi unavyopotea. Kama wale mama wa Kibirizi wanakuamini na madeni yao, muombe mmoja wao aje nyumbani akae na mama yako jioni moja, amweleze programu inavyomsaidia, kwa maneno yake mwenyewe. Halafu mpangie saa: kila siku saa mbili usiku utapiga. Weka kengele kwenye simu, na hata kama uko katikati ya mazungumzo matamu na mtu mkubwa wa wapi, mwambie samahani, toka nje, piga.